Mti Mchungu Nyuma ya Mnara

Ukisimama kwenye ukingo wa magofu ya Mnarani, pale mwamba unapokatika ghafla na maji ya hori la Kilifi yakawa chini ya miguu yako, kila kitu hukuelekeza baharini. Kaburi la mnara lililoupa mji jina lake liko hapo. Msikiti mkuu uko hapo, na kibla chenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa ustadi ambao hata leo humnyamazisha mtu kidogo. Watu waliishi hapa tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman, msimamizi wa kwanza wa magofu ya Gede, alipochimba Mnarani katika miaka ya 1950, vigae vya vyombo vilivyoletwa na majahazi ndivyo vilivyomsaidia kuhesabu umri wa kuta. Tangu hapo tumezoea kuisimulia pwani hii kwa yale yaliyoletwa na maji.

Mimi naomba ugeuke. Nyuma yako, upande wa magharibi, njia zinapanda kwenda Kauma, Jaribuni na Ganze, na mbele ya hapo inaanza nyika, ile iendayo hadi Tsavo. Pembe za ndovu zilizopakiwa katika bandari za pwani hii kwa zaidi ya miaka elfu moja zilitoka bara, na kadiri kumbukumbu za watu wa nyika hii zinavyorudi nyuma, kilichowaangusha ndovu ni mshale uliopakwa sumu ya mti. Mti wenyewe ni mdogo, wa kijani mwaka mzima, na asiyeujua huupita akidhani ni kichaka kama vichaka vingine. Kuta za matumbawe zina wataalamu wake na vibao vyake vya serikali, lakini huu mti hauna kibao popote, na naamini bila huo sehemu kubwa ya utajiri uliozijenga kuta hizo haieleweki.

Kiswahili kinauita mchungu. Wagiriama husema mutsungu, na sumu yake ni utsungu. Kwa Wakamba sumu hiyo ni ivai. Wamaasai wanauita mti olmorijoi. Wasomali wana neno waabaayo, ambalo tutakutana nalo tena katika maabara ya Paris. Wataalamu wa mimea wanauita Acokanthera schimperi. Majina haya yananivutia kwa sababu moja. Neno sumu tumelipata kwa Waarabu, lakini uchungu ni neno letu la asili, na ndani yake tumeweka ladha inayokunja ulimi, maumivu ya mwili, huzuni ya moyo na utungu wa mama anayejifungua. Mgiriama anaposema utsungu akimaanisha kilicho kwenye ncha ya mshale, hajatafuta neno jipya. Ameonja, akakumbuka.

Niliuona kwa karibu mara ya kwanza upande wa Kauma, nikiongozwa na mzee ambaye babu yake alikuwa fundi wa utsungu. "Tazama kwa macho, mwanangu," aliniambia, "mikono iache nyuma." Ulikuwa umeota kwenye mawe, pembezoni mwa kichaka kikavu, urefu wake kama mita tatu. Hivyo ndivyo unavyopenda: kingo za misitu, vichaka vya mawe, mahali ambapo maji hayatuami. Huota kutoka Yemen na Ethiopia hadi kwetu, na hupanda hadi nyanda za juu za Kenya. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, magumu kama ngozi, yanang'aa upande wa juu, na kila jani lina kijincha kikali. Maua ni madogo, meupe yenye wekundu wa mbali, yamebanana pale jani linaposhikana na tawi, na yananukia kama asumini. Nilisogea bila kutaka, nikifuata harufu, na mzee akanivuta mkono wa shati.

Tunda lake huanza kijani, likawa jekundu, likaishia rangi ya zambarau iliyokolea hata ikawa kama nyeusi. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo kwa mtoto mwenye njaa arudiye kutoka malishoni. Katika vichaka vilevile huota mtandamboo, mmea wa ukoo mmoja na mchungu, wenye majani yanayofanana, maua meupe yenye harufu ileile tamu, na tunda la zambarau linaloliwa na kila mchunga mbuzi. Vyote viwili hutoa utomvu wa maziwa ukivunja kijiti. Tofauti ya haraka ni mwiba: mtandamboo una miiba mikali, mchungu hauna hata mmoja. Mzee aliniambia kwamba alipokuwa mdogo walifundishwa neno moja tu, kwamba chenye kukuchoma kinakulisha na chenye kukupokea vizuri kinakuua. Wapo wanaosema tunda la mchungu lililoiva sawasawa halidhuru, na kuna mahali huliwa. Lakini bichi linaua, na hakuna mtu aliye na haki ya kumwachia mtoto kazi ya kupima kuiva kwake.

Mzee aliniambia pia kwamba mafundi hawakukata mti wowote tu. Walitafuta ule ambao chini yake wameona nyuki au ndege waliokufa. Sijawahi kuona mizoga hiyo, lakini jambo lililo ndani ya usemi huo ni kweli: nguvu ya sumu hutofautiana sana kati ya mti na mti, na fundi aliyechagua vibaya alimpeleka mwenzake mbele ya ndovu akiwa na mshale mtupu.

Kumbukumbu ya maandishi juu ya mti wa sumu na ndovu katika nchi ya Zanji, kama Waarabu walivyoiita pwani hii, ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Al-Masudi wa Baghdad alifika kisiwa alichokiita Kanbalu, na safari yake ya mwisho kutoka huko hadi Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Aliandika kwamba watu wa nchi hii hutupa ndani ya maji majani, maganda na matawi ya mti fulani, wakajificha; ndovu wakija kunywa, maji yale huwaunguza na kuwalevya hadi waanguke, na watu huwamaliza kwa mikuki. Pembe, alisema, zilikwenda Oman, na kutoka huko India na China. Sidhani mti wa al-Masudi ulikuwa mchungu. Sumu ya mchungu hupita kwa shida tumboni lakini damuni hufanya kazi mara moja, ndiyo maana wawindaji walikula nyama ya mnyama waliyemuua, wakikata tu na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha. Anayeutumia mchungu hutaka damu. Alichokisikia al-Masudi kilikuwa mmea mwingine, au visa viwili vilivyochanganywa na mabaharia. Hata hivyo, habari yake ina uzito: tayari katika karne ya 10 mfanyabiashara wa Oman alijua kwamba nyuma ya pembe kuna mtu wa bara anayeujua mti.

Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake kwa Mfalme Roger wa Sicily mwaka 1154, hakufika kwetu, lakini aliitaja Malindi kama mji wa wawindaji na wavuvi wenye migodi ya chuma, na akasema kuna watu huko wanaodai kuwaroga nyoka wenye sumu wasimdhuru mtu ila yule wanayemtaka. Aliuita ujuzi huo kwa jina ambalo baadhi ya wataalamu wanalisoma kuwa uganga. Chuma, uwindaji na watu wanaojua sumu: vitu hivi vitatu viko karibu sana katika ukurasa wake, nami nikivisoma naona ncha ya mshale ingawa hajaitaja.

Miaka ya Mnarani ilikuja na kupita katika biashara hiyohiyo. Katika karne ya 17, Waoromo waliposhuka kutoka kaskazini, miji mingi kati ya Malindi na Kilifi ilibaki mitupu, Mnarani ikiwa mmojawapo. Wamijikenda nao walijikusanya katika kaya zao, vijiji vilivyofichwa vilimani ndani ya msitu mnene, na njia za kuingilia zilikuwa chache na nyembamba. Katika njia kama hiyo upinde na mshale wenye utsungu vinatosha kumfanya mgeni afikiri mara mbili.

Karne ya 19 ndiyo iliyoufanya mchungu kuwa bidhaa ya wazi. Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipoitwaa Mombasa mwaka 1837 kutoka kwa Wamazrui waliokuwa wakiitawala, baadhi yao walihamia Takaungu, kusini kidogo ya Kilifi, na Wagiriama wakawapelekea pembe. Misafara ya Wakamba ilishuka kutoka bara. Wagiriama walikaa katikati, nao waliuza kitu ambacho wengi hukisahau wanapoorodhesha bidhaa za pwani: sumu yenyewe, nyeusi na nzito kama lami, iliyopikwa kwa saa nyingi mbali na nyumba na mbali na macho ya watu. Waliinunua Waata, wale wawindaji wa ndovu wa nyika kati ya mito ya Tana na Galana, na Wakamba pia. Pembe ziliingia Unguja, zikatoka kwenda Bombay kuwa bangili za maharusi na Connecticut, Marekani, kuwa vibao vyeupe vya piano. Mkataba wa biashara kati ya Wamarekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Hatusomi humo jina la mti.

Waata wanastahili kusimuliwa taratibu, kwa kuwa wameandikwa kwa haraka mno. Upinde wao ulikuwa mzito kuuvuta kuliko pinde nyingi zinazojulikana duniani. Wazungu waliokuwa na nguvu zao walishindwa kuukunja sawasawa. Mshale wao ulikuwa mrefu, na sehemu iliyopakwa utsungu ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, usiondolewe hadi mnyama aonekane. Ngozi hiyo ilikuwa na kazi mbili: kuzuia sumu isikauke, maana ikikauka hulegea, na kumlinda mwindaji mwenyewe asijichome akitembea. Alimsogelea ndovu dhidi ya upepo hadi hatua chache tu, akalenga tumbo, akatulia. Fundi aliyeipika sumu hiyo alikuwa ameijaribu kabla ya kuiuza. Alijikwaruza kidogo mkononi, akaacha damu itiririke, akagusisha sumu kwenye mwisho wa mchirizi, mbali na jeraha, akatazama jinsi weusi unavyoupanda mchirizi kurudi juu. Aliufuta kabla haujafika. Kasi ya weusi ule ndiyo iliyompa bei.

Wakati mafundi wa Giriama wakisoma sumu kwa damu yao wenyewe, daktari Mskoti John Kirk, aliyekuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza 1858, aligundua jambo kwa bahati. Mswaki wake ulikuwa umewekwa pamoja na sumu ya mishale ya huko, ile ya mmea uitwao kombe. Aliposafisha meno alisikia uchungu mkali, kisha mapigo yake ya moyo yakapungua. Baadaye Kirk alikuja kuwa konseli wa Uingereza Unguja, na Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza kombe hadi akaitoa dawa ya moyo. Mwaka 1888 mkemia Arnaud wa Paris alikitenga kiini cha sumu ya mti wa waabaayo kutoka nchi ya Wasomali, ndugu wa mchungu wetu, akakipa jina lililotokana na neno hilohilo la Kisomali: ouabaini. Tangu 1906, Albert Fraenkel wa Strasbourg alipoonyesha faida ya kuidunga sumu ya kombe mshipani kwa kipimo kidogo sana, sumu za mishale ya Afrika Mashariki zilikaa katika makabati ya hospitali za Ulaya kwa miongo mingi.

Inavyofanya kazi ni jambo la kushangaza kwa wepesi wake. Kila chembe hai ya mwili ina kama pampu ndogo inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na moyo hupiga kwa kutegemea uwiano huo. Ouabaini huing'ang'ania pampu hiyo na kuizuia. Kidogo sana huufanya moyo dhaifu ukaze mapigo. Kikizidi kidogo, mapigo hupotea mpangilio na moyo husimama. Pampu yenyewe iligunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, na ouabaini ilikuwa mojawapo ya vifaa vilivyoithibitisha. Naona fahari hapo, nami siifichi. Elimu ya watu wasiojua kuandika, waliotofautisha kiasi cha kuua na kisichoua kwa mchirizi wa damu mkononi, ilikaa kimya chini ya ugunduzi huo.

Utsungu ulielekezwa pia kwa watu. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipowalisha watu wake kiapo mwaka 1913 wasitoe vibarua wala kodi kwa serikali ya Waingereza, alikamatwa na kupelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Mwezi Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka nchi nzima ya Giriama hadi karibu na hori la Kilifi. Mishale ilikutana na bunduki. Wagiriama walishindwa, wakatozwa faini ya mbuzi na fedha, na watu wao wakahamishwa kutoka ardhi yenye rutuba kaskazini ya Mto Sabaki. Serikali iliogopa upinde kuanzia hapo, na hofu hiyo ikahamia kwa yeyote aliyekutwa akichemsha kitu cheusi porini.

Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, nchi ya uwindaji ya Waata ikawa ndani ya mipaka yake, na mtu aliyeishi kwa ndovu akaamka siku moja akiwa jangili. Kati ya 1956 na 1957 David Sheldrick na Bill Woodley, maofisa wa mbuga, waliongoza msako mkali uliowatia wawindaji wengi gerezani. Nawaelewa: pembe zilikuwa zikitoka kwa mafungu na ndovu walikuwa wakiisha. Lakini Ian Parker, aliyewahi kuwa miongoni mwa wasakaji hao, aliona kwamba watu wanaoijua nchi namna ile wakitupwa, nchi itabaki bila macho. Mwaka 1960 mpango wa Galana ulianzishwa ili Waata wawinde kwa kibali na kwa hesabu. Haukudumu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977, na Julai 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe Nairobi.

Kisha, tarehe 30 Mei 2014, Satao aliuawa Tsavo Mashariki. Alikuwa mmoja wa ndovu wachache waliobaki wenye pembe zinazokaribia kugusa ardhi, na inasemekana alikuwa amejifunza kuzificha vichakani anapoona watu. Aliuawa kwa mshale wa sumu. Uso wake ulikatwakatwa kiasi kwamba ilichukua siku kuthibitisha ni yeye. Nilipoisikia habari ile nilimkumbuka mzee wa Kauma, na jinsi alivyoniambia kwamba babu yake hakumuuzia sumu mtu asiyemjua ukoo wake. Waliomuua Satao walitumia ujuzi uleule uliokwisha kung'olewa kutoka kwa kila kilichokuwa kikiubana: ukoo, kiapo, njaa ya nyumbani, aibu mbele ya wazee. Ndilo linaloniuma. Sheria iliwafukuza wenye ujuzi, na soko la mbali likaichukua sumu bila wao.

Mwanadamu si peke yake aliyeutambua mti. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon na wenzake walieleza panya mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi, anayetafuna ganda la mchungu na kupaka mate yake kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Manyoya hayo yana matundu yanayofyonza sumu kama utambi. Mbwa akimuuma huugua vibaya, na wengine hufa. Panya mwenyewe hadhuriki. Watu wa bara walijua zamani kwamba mbwa aliyemng'ata panya huyo yuko hatarini. Sayansi ilikuja na sababu.

Nimeulizwa mara kadhaa, nikizungumza habari hizi, kuhusu uyoga, maana mvua za masika zikianza watu huingia msituni na vikapu. Jibu langu huanza na mahali uyoga ulipoota. Katika Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 kati ya Kilifi na Malindi, kuna ukanda wa miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe. Mizizi ya mrihi hushirikiana na uyoga chini ya ardhi, kila mmoja akimlisha mwenzake, kwa hiyo jamii za uyoga ziotazo hapo si zile ziotazo kwenye kichuguu au shambani. Jamii ya Amanita ina wanaoliwa katika misitu ya miombo ya Tanzania na Zambia, na ina wale ambao duniani ndio wanaoongoza kwa kuua: mtu hula, hulala vizuri, hutapika baada ya saa nyingi, hupata nafuu ya uongo, kisha ini lake huharibika. Mti jirani, udongo, shina lenye kikombe chini au lisilo nacho, pete shingoni, rangi ya unga wa mbegu: vyote vinasomwa pamoja, na mahali panasomwa kwanza. Usemi kwamba uyoga uliogugunwa na konokono ni salama umezika watu. Konokono ana tumbo lake.

Mahali ambapo elimu hii bado imekaa ni kaya. UNESCO iliziingiza Kaya Takatifu za Wamijikenda katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na Kaya Kauma iko mwendo mfupi kutoka hapa Mnarani. Wazee wanaozilinda ni wachache na wamechoka. Watalii huulizia miiko na makaburi. Wanaofuatana na mzee hadi kwenye vichaka vya pembeni, wakauliza kila mti jina lake kwa Kikauma au Kigiriama, huhesabiwa kwa vidole. Kizazi changu kinaijua mimea kwa picha za simu, na picha haina harufu wala jiwe la chini.

Siku ile, tulipoondoka kwenye mchungu, mzee alikuwa amekata kijiti kimoja kwa panga ili anionyeshe maziwa yake. Hatukusema mengi njiani. Tulipofika kwake, mkewe alikuwa amekwisha kumenya muhogo na alihitaji panga. Mzee hakumpa. Alikwenda nyuma ya nyumba, akalisugua kwa mchanga na maji, akalimwagia maji tena, akalisugua upande wa pili, akalinusa. Kisha akaliegemeza ukutani juani, akaingia ndani kutafuta kisu kingine.